Mdogo wangu ametoka kutibiwa akili na watu wanamkimbia: tufiche au tuseme?

SWALI

Papa, salamu nyingi. Ninakuandikia kutoka Kadutu, hapa Bukavu. Mdogo wangu ana miaka 24, ni fundi cherehani. Mwaka jana aliacha kulala usiku, akawa anaongea peke yake, akasema redio ya jirani inamtaja jina. Tulimpeleka kwenye chumba cha maombi, akakaa siku kumi na moja akilazimishwa kufunga. Baba mdogo akasema ni karuho, sumu ya kulishwa kwa siri, wakamnywesha dawa ya kutapika hadi akaishiwa nguvu. Mwishowe mama mmoja ninayeuza naye sokoni akatuambia tumfikishe Sosame, hospitali ya magonjwa ya akili ya hapa Bukavu. Alilazwa wiki saba. Amerudi ametulia, analala, anatuita sote kwa majina. Ila mikono inamtetemeka na mate yanamtoka, watu wanasema bado hajapona. Wateja hawaleti tena nguo. Watoto wa avenue wanamwita "fu", yaani kichaa. Mwenye nyumba amesema yuko tayari kuturudishia garanti yetu tuondoke. Mama amemtengea sahani na kikombe chake. Baba anataka tuwaambie watu kwamba alikuwa Uvira kutafuta kazi. Mimi nina mchumba, na shangazi yake ameanza kuulizia kama ukoo wetu una wazimu. Tufiche au tuseme? Na mdogo wangu atapona kweli?

Dada mtu, Kadutu

JIBU

Binti yangu, barua yako imebeba mambo mazito: nyumba, kazi, mahari, jina la ukoo. Hata hivyo nitaanza na lile ulilolitaja kwa mstari mmoja tu ukapita. Sahani.

Nimekuwa muuguzi wa magonjwa ya akili kwa zaidi ya miaka ishirini, na sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya nje ya hospitali, nikipanda na kushuka vilima vyetu kuwatembelea wagonjwa waliorudi kwao. Siku moja nilifika kwenye nyumba fulani Bagira saa ya chakula cha mchana. Nilipokewa vizuri sana. Ugali ukaletwa, na sombe, na sambaza za kukaanga, kwenye zile sahani za maua zinazotoka kabatini mgeni akija. Kijana niliyekuja kumwona alikuwa ameketi karibu na mlango. Yeye aliletewa chakula kilekile, ila kwenye bakuli la plastiki la kijani lililoungua ukingo. Kikombe chake kilining'inia nje kwenye msumari, peke yake, mbali na vyombo vingine. Baadaye, tulipobaki wawili, nilimuuliza kwa nini ameacha kumeza vidonge. Akanijibu, "Papa, nimeze nisimeze, kikombe changu kinalala nje."

Mama yake hakuwa mtu mbaya, na mama yako pia si mbaya. Aliyemlea mwanawe miaka 24, akamlilia siku zote zile za kutolala, hamtengei sahani kwa chuki. Anaogopa. Lakini mwambie, na umwambie taratibu mkiwa jikoni wawili, kwamba ugonjwa wa akili hauambukizwi kwa mate, kwa kikombe, kwa nguo wala kwa kulala kitanda kimoja. Hata kifafa hakiambukizi. Hapa kwetu watu wanalikimbia povu la mwenye kifafa kiasi cha kumwacha aungue kwenye mbabula, jiko la makaa, huku kila mtu anaangalia, na makovu ya moto ninayoyaona mikononi mwa vijana wenye kifafa ni makovu ya woga wetu sisi.

Ninashikilia jambo la sahani kwa sababu ya kitabibu pia. Katika miaka ya 1950 huko London, mtafiti George Brown alifuatilia wagonjwa waliotoka hospitali za akili, akakuta jambo ambalo hakulitegemea: waliorudi kwa wazazi wao au kwa wake zao walizidiwa tena mara nyingi kuliko waliokwenda kukaa kwa ndugu zao au kwenye vyumba vya kupanga. Yeye na wenzake wakachunguza zaidi. Waligundua kwamba pale ambapo mgonjwa anasemwa kila siku, anakemewa, anaonyeshwa uadui, au anachungwa kama mtoto mchanga asiyeweza kujifungia kifungo, ugonjwa unarudi haraka. Palipo na maneno ya kawaida na mkono mwepesi, unakawia au haurudi. Matokeo hayo yamerudiwa katika nchi nyingi baada ya hapo. Kwa hiyo namna mnavyokaa naye hapo nyumbani inakwenda pamoja na vidonge vyake; ni nusu ya matibabu.

Basi leo jioni, bila hotuba, bila kuitisha kikao, apakuliwe kwenye chombo kimoja na wenzake. Kile kikombe kirudi kwenye beseni pamoja na vingine. Baba azungumze naye moja kwa moja badala ya kuuliza "huyu amekula?" wakati huyu ameketi hapo hapo. Na apewe kazi zake za zamani za nyumbani, kuchota maji, kwenda dukani, kwa kipimo anachoweza. Mtu anayetumwa dukani na kurudi na chenji sahihi anajua nyumba bado inamhesabu.

Sasa kuhusu ugonjwa wenyewe. Siwezi kumpima mtu kwa barua. Lakini kutolala, kuongea na asiyeonekana, na kusikia redio ikimtaja jina ni dalili ambazo sisi wauguzi tunazikuta kila wiki. Zinaweza kuwa mwanzo wa skizofrenia, zinaweza kuwa ule ugonjwa wa kupanda na kushuka unaoitwa bipola, zinaweza kuwa tukio moja lililompitia na lisirudi tena. Mara ya kwanza hata daktari mzuri hakimbilii kutoa jina. Ubongo ni kiungo kama ini na moyo, nao huugua. Mara nyingi huanza hivi kwa vijana wa kiume wa kati ya miaka 18 na 25, wakati ule ule familia inapowatarajia waanze maisha, ndiyo maana huonekana kama kuna mtu amewaharibia bahati.

Wengine watakuambia ni vita. Baada ya yote tuliyopitia, mpaka Februari 2025 vita vilipoingia Bukavu, ninaelewa kwa nini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo yenye vita mtu mmoja kati ya watano ana tatizo fulani la afya ya akili, mengi yakiwa ni huzuni nzito, hofu na mshtuko usiokwisha. Hilo ni kweli tupu na tunaliishi. Lakini kusikia sauti na kuamini redio inakusema kuna mizizi mingi zaidi: mwili aliozaliwa nao mtu, bangi akiwa bado mdogo, kukosa usingizi, mzigo wa maisha. Hakuna mmoja wenu aliyemletea. Wala yeye hakujiletea.

Kuhusu karuho nitakwenda polepole, kwa sababu nimezaliwa hapa na najua neno hilo linavyoshika. Mtu akikonda, akikohoa, akipoteza akili, tunasema amepewa karuho, na tunatafuta nani alimkaribisha pombe. Sitamtukana baba yako mdogo. Alitaka kumwokoa mtoto wa ndugu yake kwa dawa anayoijua. Lakini angalia kilichotokea. Kijana aliyekuwa hajalala na ametoka kufungishwa siku kumi na moja alitapishwa mpaka akaishiwa nguvu. Nimewahi kupokea watu waliofikishwa kwetu baada ya matibabu ya namna hiyo, midomo imekauka, hawawezi kusimama, na kazi yetu ya kwanza ilikuwa kuwawekea maji kwenye mshipa kabla hata ya kugusa ugonjwa wa akili. Watu husema, "Lakini fulani alitapishwa akapona." Inawezekana alitulia. Magonjwa haya yana mawimbi, hupanda na kushuka yenyewe, na yule aliyempa dawa siku wimbi linaposhuka ndiye anayepata sifa.

Na kuna hatari ya pili ndani ya neno hilo. Sumu inahitaji mtu aliyeitia. Uchawi unahitaji mchawi. Ukoo ukishakubali hivyo, kinachofuata ni kumtafuta, na mara nyingi anapatikana kwa wasio na nguvu: bibi mjane anayeishi pekee, au mtoto yatima aliyelelewa kwa watu. Hapo familia iliyokuwa na mgonjwa mmoja inakuwa na wahanga wawili. Kama jina la mtu lilishatajwa nyumbani kwenu, nakuomba, lizimeni haraka. Kwa watoto, Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kabisa kumshutumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inaadhibu jambo hilo.

Maombi je? Mimi mwenyewe ninasali. Sijawahi kumwambia mgonjwa aache kusali, na nimewaona wachungaji wanaokuja wodini na Biblia, wanamwombea mtu, kisha wanamuuliza, "Umemeza vidonge vya asubuhi?" Mchungaji wa namna hiyo ana thamani kuliko wauguzi watatu. Tafuteni mmoja kama huyo. Sala haigombani na kidonge. Kinachogombana na kupona ni kufunga kula kwa mtu mgonjwa, kumfunga kamba au mnyororo, kumpiga ili pepo atoke, na kumwambia kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. Mkikutana na hayo manne, au hata moja tu, ondokeni na kijana wenu.

Neno moja la tahadhari kwa wasomaji wote: mtu akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, na ana homa, au shingo imekakamaa, au anapoteza fahamu, msisubiri maombi, msisubiri karuho, wala msikimbilie kwetu sisi wa akili. Hospitali ya kawaida, haraka. Malaria iliyopanda kichwani na homa ya uti wa mgongo vinaweza kufanana na wazimu, na vinaua.

Nije kwenye mikono. Hili limeniuma kulisoma, kwa sababu ni fundi, na fundi anaishi kwa vidole. Kutetemeka, mwili kukakamaa, kutembea kama mtu wa mbao na mate kutoka si mabaki ya ugonjwa, na kwa hakika si jini aliyebaki. Mara nyingi ni dawa yenyewe. Haloperidoli na ndugu zake wanatuliza sauti vizuri, ni za bei ambayo hospitali zetu zinaiweza, na kwa watu wengi zinaleta hayo uliyoyaeleza. Sasa fikiria jirani anavyoona: kijana alipokuwa mgonjwa hakuwa anatetemeka, sasa amerudi "mzima" anatetemeka na kutokwa mate. Anaamua kwamba hospitali imemharibu. Sehemu kubwa ya unyanyapaa unaowafuata wagonjwa wetu barabarani unatokana na dawa isiyopangwa vizuri, na sisi wahudumu tuna lawama yetu hapo, kwa sababu tunamruhusu mtu aende nyumbani bila kumweleza.

Msiikatishe dawa wenyewe. Rudini, na mseme kwa kinywa kamili: "Hawezi kuingiza uzi kwenye sindano." Semeni hivyo hivyo. Daktari akisikia "anatetemeka kidogo" anaandika na kupita. Akisikia fundi hawezi kuingiza uzi anajua maisha ya mtu yamesimama. Kuna kupunguza kipimo, kuna kubadilisha dawa, kuna kidonge cha kuongeza kinachoondoa mtetemeko. Nimeona mikono ikitulia ndani ya siku chache.

Wakati mikono inatulia, cherehani itoke. Kama iko ndani chumbani, iwekwe barazani, pale watu wanapopita. Nina sababu. Kwa miaka tumekuwa tukiwaambia watu "ugonjwa wa akili ni kama kisukari, ni kama presha", na nami nimesema hivyo mara nyingi redioni. Inasaidia, inaondoa lawama. Lakini haitoshi. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba mtu anaweza kukubali kabisa kwamba ni ugonjwa wa ubongo na bado asitake kukaa karibu na mgonjwa, wala kumpangisha nyumba. Kinachobadilisha moyo wa mtu zaidi ya maelezo ni kukutana na aliyeugua akiwa anafanya jambo lake la kawaida. Suruali iliyokatwa vizuri inasema kuliko mimi na redio yangu. Anza wewe: mpelekee kitenge chako akushonee, ukivae sokoni, na mama yeyote wa pale akikuuliza nani kashona, umtaje. Yule mama aliyewatuma Sosame ninadhani atakuwa wa pili.

Mwenye nyumba wako ninataka tumwangalie bila hasira. Kwanza ukweli: watu wengi wenye magonjwa ya akili hawapigi mtu, na mara nyingi zaidi wao ndio wanaopigwa, wanaibiwa, wanadhulumiwa. Hatari ikiwapo, mara nyingi ni wakati ugonjwa haujatibiwa, au kuna kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, na bangi juu yake. Lakini jiulizeni swali ambalo familia nyingi hazijiulizi: wakati ule wa ugonjwa, je, kuna kilichotokea? Alivunja kioo? Alimtukana mke wa mwenye nyumba usiku? Alikwenda kudai redio ya jirani izimwe? Mara nyingi tunalalamika kwamba watu wana ubaguzi, na kumbe kuna deni ambalo hakuna aliyelilipa. Kama lipo, nendeni mkaombe msamaha. Baba aende, na kijana mwenyewe kama yuko tayari, mlipe kioo hata kwa mafungu. Kisha mumwambie: alikuwa mgonjwa, ametibiwa, anameza dawa, na ukiona chochote usiku tuite sisi kabla hujaita jeshi zima la avenue. Mpeni namba ya simu. Mtu aliyepewa namba na njia ya kufanya hupungukiwa na hofu. Akikataa bado, chefu wa avenue aingie kati, kwa sababu kodi mnalipa na kuugua si kosa la kumtoa mtu nyumbani.

Kuhusu Uvira. Ninamwelewa baba yako, anataka kumlinda mwanawe. Lakini uongo huu utamgharimu yeye yule anayelindwa. Nimeuona ukifanya kazi. Ukisema alikuwa kazini Uvira, vidonge inabidi vifichwe. Vikifichwa, siku mgeni amelala sebuleni havimezwi. Siku ya miadi inarukwa kwa sababu jirani ataona pikipiki inaelekea wapi. Baada ya miezi michache usingizi unaanza kukatika, na safari hii ugonjwa unarudi mbele ya macho ya watu wote, na pamoja nao sifa ya kuwa familia inayodanganya.

Kusema ukweli si kutangaza. Si kila mpita njia wa Kadutu anastahili kujua. Na mwenye habari hii ni yeye, mdogo wako. Muulize: "Ungependa nani ajue, na tuseme kwa maneno gani?" Huenda hakuna aliyemuuliza jambo lolote tangu arudi. Wanaokaa naye lazima wajue, na anayefanya naye kazi, na mtu mmoja au wawili wa kanisani au wa avenue wanaoheshimika, ambao wakisikia kijana anaitwa "fu" watamkemea mtoto huyo na mzazi wake. Kwa wengine sentensi moja inatosha: "Aliugua, akalazwa, sasa anaendelea vizuri, asante kwa kuuliza." Hamkusema uongo na hamkufungua kabati lote.

Chagueni pia majina. Neno "fu" tuliliazima kwa Kifaransa, na kwa Kiswahili tunayo yetu, kichaa, mwendawazimu, kichwa kimeharibika. Hata jina la Sosame nimewasikia watoto wakilitumia kama tusi, "wewe ni wa Sosame", jina la mahali ambapo Frères de la Charité, shirika la watawa wa Kikatoliki, na wauguzi wa hapa hapa kwetu wamewarudishia watu wengi maisha. Shirika hilo hilo liliwapa wenzetu wa Goma kituo chenye jina ambalo ninalipenda mno, Tulizo Letu. Mseme "alikuwa mgonjwa", kama mnavyosema kwa mwenye malaria. Mtu ana jina lake, na alikuwa na jina hilo kabla ya ugonjwa.

Kuna kitu sikukisoma kwenye barua yako, na ninakiuliza. Anapoitwa "fu" anafanya nini? Akinyamaza, akijifungia, akisema yeye ni mzigo kwenu, kaa naye umuulize waziwazi kama anafikiria kufa. Watu huogopa kuuliza, wanadhani watampandikizia wazo. Haiko hivyo. Kuuliza kunampa mlango. Akisema ndiyo, msimwache peke yake, wekeni vidonge mahali asipofikia, na mrudi hospitalini siku hiyo hiyo. Aibu inaua vijana baada ya sauti kunyamaza, na hiyo ndiyo sehemu ya kazi yangu inayonikosesha usingizi.

Mchumba wako asikie kutoka kwako, kabla ya shangazi kumletea kwa ladha yake. Kaa naye, umweleze alichougua mdogo wako, alivyotibiwa, na anavyoendelea. Kuhusu damu ya ukoo, usiseme hakuna chochote, kwa sababu si kweli, na wala usiogope. Tuchukue ugonjwa mzito zaidi kati ya hiyo niliyoitaja, skizofrenia, ingawa haijathibitishwa kwake. Kwa watu wote kwa jumla, karibu mtu mmoja kati ya mia huupata maishani. Kwa mwenye ndugu wa tumbo moja aliyeugua, ni kama tisa au kumi kati ya mia. Kwa watoto wako, ambao yeye atakuwa mjomba wao, ni kama watatu au wanne kati ya mia. Yaani zaidi ya tisini na tano kati ya mia hawatauona. Mwanamume anayekimbia kwa sababu ya hesabu hiyo angekimbia pia siku wewe umelazwa. Ninakuandikia hivi nikiwa na mabinti, na kwao ningesema vivyo hivyo.

Na shangazi akija kwa maneno, mjibu kwa adabu kwamba hakuna ukoo Bukavu ambao, ukifungua milango yote, utakosa mtu aliyewahi kuugua akili. Wao tu hawakumpeleka kutibiwa.

Atapona? Shirika la Afya Duniani linaandika kwamba angalau mmoja kati ya watatu wenye skizofrenia hupona kabisa, na wengi wa waliobaki wanaishi na kufanya kazi dawa zikiendelea. Kama kwake lilikuwa tukio la mara moja, matumaini ni makubwa zaidi. Mlimfikisha hospitali mwaka huo huo ugonjwa ulipoanza, na hilo ni jema, kwa sababu kadiri mtu anavyokaa miaka bila matibabu ndivyo kurudi kunavyokuwa kugumu. Dawa asiache siku anapojisikia vizuri. Baada ya mara ya kwanza madaktari wengi huendelea nazo mwaka mmoja hadi miwili, kisha wanapunguza taratibu wakimwangalia. Bangi hapana, kanyanga hapana. Na linda usingizi wake kama unavyolinda moto siku ya upepo: yeye aliyaanza haya kwa kutolala, na kwa watu wengi ugonjwa hurudi kupitia mlango ule ule. Akikosa kulala usiku mbili mfululizo, usisubiri tarehe ya miadi.

Tarehe hiyo iko kwenye karatasi aliyopewa. Safari hii usiende naye wewe, mwombe baba ampeleke. Wapande pikipiki wawili, baba ashike karatasi ile mkononi mwake, na aketi naye kwenye benchi la kungojea. Pale atawakuta baba wengine, mmoja ni mwalimu, mwingine dereva, mwingine mzee wa kanisa, kila mmoja na mtoto wake pembeni. Kwa kawaida nusu saa haipiti kabla mmoja wao hajamgeukia mwenzake na kumuuliza, "Wenu alianza lini?"